Wahenga Waliopenda Barabara

Nchi hiyo hubadilishwa jina kila rangi ya vibao vyake inapochujuka, kwa hiyo kulitaja hapa ni kupoteza wino. Inatosha kusema kwamba ni nchi ya amani, ina bendera ndefu kuliko za majirani zake wote, na historia yake ilianza siku ya Jumanne, saa tatu na robo asubuhi.

Hilo si jambo la kubishaniwa, ni sheria. Jumanne hiyo Mtukufu Mwanzilishi aliingia Ikulu kwa mlango wa nyuma, aliyekuwemo akatoka kwa dirisha, na Bunge likapitisha kwa kauli moja kwamba yote yaliyotangulia saa tatu na robo yataitwa mambo ya kabla ya historia. Mtu aliyefiwa na babu yake Jumatatu aliambiwa kwamba marehemu ni wa zama za mawe. Waliofunga ndoa Jumapili walitakiwa kupeleka vyeti vyao makumbusho.

Sheria ilikwenda vizuri kwa miaka mitatu. Mwaka wa nne mvua ikagoma, na watu wa uwanda wa Mwandulu wakafa kwa njaa, maelfu kwa maelfu, ndani ya historia yenyewe, mchana kweupe, Mtukufu Mwanzilishi akiwa kazini. Wakubwa waliudhika sana. Bunge lilikaa siku mbili mfululizo bila kutia kitu mdomoni, ukiacha asubuhi, mchana na jioni, likatoka na Marekebisho ya Kwanza: jambo lolote lisilopendeza litahesabiwa kuwa lilitokea kabla ya historia, bila kujali tarehe. Mwaka ule ukaitwa Mwaka wa Hamu Ndogo, kwa maana kwamba chakula kilikuwepo ila wananchi hawakujisikia kula. Neno njaa likatolewa kwenye kamusi za shule. Ukifungua ukurasa ule leo, unaanza na njama.

Bi Nyamizi hakuwa na kamusi. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, jembe la mpini mfupi, na mawe kumi na moja ya kupalilia.

Mawe hayo yalikuwa kwenye kituta kidogo kando ya barabara kuu, nje kidogo ya kijiji chake. Yalipangwa mduara, na mduara wenyewe haukuwa wa kujivunia: ukipiga hatua sita tu, umeshatoka upande huu hadi ule. Kila mwaka kabla ya mvua Bi Nyamizi alikwenda pale asubuhi, akang'oa magugu, akafukua mawe yaliyozama mchangani, akayakalisha vizuri. Kisha alikaa karibu na moja, la upande wa mashariki, akapumzika. Hakuna aliyemwuliza kitu. Wanawake wa rika lake walijua, na wadogo walikuwa wamefundishwa shuleni kutojua.

Mwaka huo, ukiwa wa thelathini tangu historia ianze, alimkuta mtu pale. Mtu mwenyewe alikuwa amepiga magoti na suti yake, analamba jiwe.

"Shikamoo mama," alisema yule mtu, bado ulimi uko nje.

"Marahaba, baba. Umepotelewa na nini?"

Hakuwa amepotelewa na kitu. Alikuwa Profesa Kaswalala, Mkurugenzi wa Mambo ya Kale na Yasiyokuwepo, na kulamba ndiyo ilikuwa njia ya kisasa ya kupima umri wa jiwe, kwani kifaa cha kupimia kilikuwa nyumbani kwa Waziri kikichemsha maji ya kuoga. Alifumba macho, akauzungusha ulimi kinywani.

"Elfu nne," alisema. "Huenda na mia mbili juu. Ni ya kabla ya historia kabisa."

"Hayo?"

"Na ona ajabu hii, mama. Uwanda mzima huu ni mchanga mtupu, hakuna jiwe hata la kumpigia ndege. Mawe haya yametoka milimani, mwendo wa siku nne au tano. Na hayafanani! Hili la kijivu, hili jekundu, kila moja na mlima wake. Wahenga waliyabeba mpaka hapa! Kwa nini? Kwa nini?"

"Ni ya kupikia," alisema Bi Nyamizi.

"Naam?"

"Ni mafiga, baba. Sisi huku hatuna mawe, umesema mwenyewe. Binti akiolewa mama yake anampa mafiga matatu, anakwenda nayo. Hilo hapo ni langu. Mama alipewa na mama yake. Ukiligeuza utaona masizi."

Profesa aligeuza jiwe. Masizi yalikuwepo. Alitetemeka kwa furaha, akatoa daftari lake na kuandika, huku akitamka kila neno polepole: "Dalili... za ibada... ya moto. Wenyeji... hawana habari yoyote... kuhusu asili ya mawe."

Bi Nyamizi alimtazama hadi gari lake lilipoishia. Kisha akalifuta jiwe lake mate ya serikali kwa upindo wa kanga.

Sasa ni lazima tuseme mawe yale yalifikaje pale, maana Profesa hatasema. Mwaka wa Hamu Ndogo ulipokolea, tangazo lilitolewa kwamba malori ya mahindi yatapita barabara kuu yakielekea Ghala la Uhai wa Taifa, na kwamba wananchi wajipange kando ya barabara, kwa nidhamu, kila kundi na kituta chake, wagawiwe. Watu wa Mwandulu walijipanga. Wanawake walikwenda na vyungu na mafiga yao kichwani, wapate kupika papo hapo, kwani watoto wasingeweza kusubiri safari ya kurudi nyumbani. Malori yalipita kweli. Yalipita siku kumi na tisa, yamefunikwa turubai, yamejaa, na hakuna lililopunguza mwendo. Yalikuwa yanapitia ghalani kupigwa mhuri tu, kisha yanashuka bandarini, ambako mahindi yale yalibadilishwa na sanamu ya shaba ya Mtukufu Mwanzilishi akimlisha mtoto.

Kwenye kituta cha Bi Nyamizi walikufa watoto kumi na mmoja. Mchanga wa pale hauhifadhi kaburi, upepo unalisawazisha kwa siku mbili tu. Wanawake hawakuwa na kitu cha kuweka alama isipokuwa mafiga, na mafiga hayakuwa na kazi tena. Kila mama alitoa jiwe moja. Yalikaa mduara kwa sababu wenyewe walikuwa wamekaa hivyo, wakipeana migongo ya kuegemea, hawana nguvu hata ya kulia. Jiwe la mashariki lilikuwa la Kabula, binti wa Bi Nyamizi.

Baada ya mwezi mmoja Profesa aliitisha mhadhara makao makuu ya wilaya. Kuhudhuria kulikuwa hiari, na asiyehudhuria alinyimwa barua ya mtendaji. Ukumbi ulijaa. Mbele kulikuwa na ramani kubwa ya nchi iliyofunikwa shuka, na pembeni yake alikaa Mkuu wa Wilaya, Bwana Nsabi, mtu aliyekuwa na kipaza sauti chake binafsi na kukivaa shingoni hata anapokwenda msalani.

"Ndugu wananchi," alisema Bwana Nsabi, "kwa niaba yangu, na kwa niaba ya wote ambao niko kwa niaba yao, naomba niseme kwamba kabla sijasema, ningependa kusema machache." Akasema kwa saa moja na nusu. Kisha akaivuta shuka.

"Miduara midogo ya mawe," alisema Profesa, akiinua fimbo. "Hadi sasa tumegundua mia tatu na kumi na miwili. Kila nukta nyekundu hapa ni mduara mmoja. Na jambo la kustaajabisha, ndugu zangu, ni mahali inapopatikana. Milimani, kwenye mawe mengi, hakuna hata mmoja! Mtoni, hakuna. Yote iko hapa." Fimbo ikateremka. "Inaanza mpakani, inafuata barabara kuu, hatua kwa hatua, inapita Mwandulu, inazidi kusongamana, hadi inapofika Ghala la Uhai wa Taifa, ambako imebanana hata nukta zimekuwa doa moja. Sisi wataalamu tumekesha na swali hili. Jibu ni moja tu: wahenga hawa walikuwa na mapenzi yasiyo ya kawaida kwa barabara, na waliliabudu ghala miaka elfu nne kabla halijajengwa. Ni watu walioona mbali!"

Makofi yakapigwa. Bi Nyamizi hakupiga. Alikuwa amekaa mstari wa tatu, na kwa miaka ishirini na sita aliamini kwamba yaliyotokea yalitokea kwenye kituta chake, na kile cha kina Bi Sayi ng'ambo ya bonde, na labda viwili vitatu vingine. Hakuna aliyewahi kumwambia zaidi, kwani kuulizana kulikuwa kosa. Sasa serikali yenyewe ilikuwa imemchorea. Alifuata nukta kwa macho, moja baada ya nyingine, hadi kwenye lile doa. Mia tatu na kumi na miwili. Kilichompata hakikuwa huzuni, huzuni alikuwa anaijua vizuri. Ilikuwa hasira, na ilimsimamisha kabla hajaamua kusimama.

"Hiyo ni foleni," alisema.

Vichwa vikageukia mstari wa tatu.

"Mama, maswali yataletwa kwa maandishi," alisema Bwana Nsabi.

"Siulizi. Nakwambia. Hiyo uliyoichora ni foleni yetu. Tulipangwa hivyo na ninyi."

Bwana Nsabi alicheka kwenye kipaza sauti, akatangaza habari njema kabla hazijaharibika. Katika sherehe za miaka thelathini ya historia, Mtukufu Mwanzilishi angekalia kiti chake katikati ya mduara halisi wa wahenga, na kamati, baada ya kuzunguka nchi nzima na kula wilaya zote, ilikuwa imechagua ule mdogo wa Mwandulu kwa kuwa ulitunzwa vizuri na haukuwa na magugu. Lori lingekuja Jumatatu. Jiwe la mashariki, alilosema Profesa lina bapa zuri, lingekuwa la kuwekea miguu.

"Halitoki," alisema Bi Nyamizi. "Hilo jiwe niliweka mimi."

"Wewe?"

"Mimi, kwa mikono hii."

Bwana Nsabi alisogea hadi ukingoni mwa jukwaa. Alikuwa anajisikia vizuri siku hiyo. "Mama sikiliza. Mawe yale yana miaka elfu nne, imetangazwa katika Gazeti la Serikali. Ukisema uliyaweka wewe, mambo ni mawili. Ama serikali ni mwongo, na hiyo ni miaka saba jela. Ama wewe una miaka elfu nne. Chagua."

Watu waliinama. Bi Nyamizi aliitazama ramani, akamtazama Profesa, ambaye ghafla alikuwa anachunguza ncha ya fimbo yake.

"Basi nina elfu nne," alisema.

Kicheko kililipuka, na aliyecheka zaidi ni Bwana Nsabi mwenyewe. Wakubwa wa nchi ile hupenda sana utani wao wenyewe, kiasi kwamba huupiga mhuri. Papo hapo alimtangaza Bi Nyamizi kuwa kifaa cha kale, akaagiza arudishwe alikotoka, yaani mduarani mwake, azungushiwe uzio, na asiseme na mtu, kwa kuwa vifaa vya kale havina kawaida ya kuongea.

Akazungushiwa. Kamba nyekundu na nyeupe ilifungwa kwenye vigingi vinne, askari wawili wakawekwa, na kibao kikapigwa misumari: MALI YA TAIFA. USIGUSE. USIPIGE PICHA. USILISHE.

Bi Sayi alikuja asubuhi ya kwanza na uji kwenye kibuyu. Askari alimsomea kibao, neno kwa neno. Bi Sayi akaweka kibuyu chini, akasema huyu ni mtu. Askari akamsomea tena kuanzia juu. Siku ya pili wakaja wanne, na viazi, wakasomewa. Bi Nyamizi alikaa karibu na jiwe la mashariki, midomo imemkauka, akiyaona malori ya serikali yakipita barabarani chini yake, yamefunikwa turubai za mapambo ya sherehe. Ananyimwa chakula pale pale, na serikali ile ile, mara ya pili. Hapa msimuliaji angependa kuendelea na mzaha kama alivyoanza, lakini mzaha hauji. Waliofanya vile walikuwa watu wazima, wana mama zao, na jioni walikwenda kula.

Jumatatu lori la kubebea mawe lilifika, na pamoja nalo Karani Gwasuma wa Daftari Kuu la Vifaa vya Kale. Bila huyo, jiwe haliwezi kupakiwa. Miaka michache nyuma ilikuwa imegundulika kwamba watu wa makumbusho wanauza vinyago kwa wageni na kufuta majina yake daftarini, hata siku moja Mtukufu Mwanzilishi akakikuta kigoda cha bibi yake kwenye picha ya sebule ya balozi. Alikasirika, akatunga sheria kwa mkono wake. Kifaa cha kale hakihamishwi hadi kiandikwe. Fomu haina nafasi ya kuachwa wazi. Vilivyokutwa pamoja havitenganishwi. Cheti cha asili kinasafiri na kifaa, na kinasomwa kwa sauti mbele ya wageni. Na atakayefuta kilichoandikwa, au kuzuia kuandikwa, atafungwa miaka kumi na minne, hata awe nani.

Karani Gwasuma alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, na maisha yake yote alikuwa ameandika vinyago, ngoma na vyungu. Aliweka meza yake ndogo ndani ya kamba, akafungua daftari, akachungulia fomu, kisha akamchungulia Bi Nyamizi.

"Kuna tatizo," alisema. "Hiki kifaa kinapumua."

"Andika!" alisema Bwana Nsabi. "Lori linasubiri. Andika mawe kumi na moja, bibi mmoja, ya kale, basi."

"Mheshimiwa, fomu inauliza maswali." Karani akasafisha koo. "Shikamoo bibi. Nani aliyeviweka vifaa hivi hapa?"

"Marahaba, mwanangu. Mama zao."

Karani akaandika: mama zao.

"Kwa shughuli gani?"

"Kuzika."

"Na sababu iliyosababisha shughuli hiyo?"

"Njaa," alisema Bi Nyamizi.

Kalamu ilisimama. Karani alikuwa hajawahi kuliandika neno hilo. Alimtazama Bwana Nsabi, na Bwana Nsabi alikuwa amekunja uso wote.

"Andika hamu ndogo!"

"Mheshimiwa, nimeelekezwa niandike kama inavyosemwa na mlinzi wa kifaa. Na nafasi haiachwi wazi. Lakini ukinizuia wewe, nitaandika kwamba umenizuia." Hakusema kwa ujeuri. Alisema kwa woga, jasho likimtoka, lakini alisema. "Bibi, naomba unisaidie. Ni A moja au mbili?"

"Mbili, mwanangu."

Akaandika. Bwana Nsabi alinyakua ile fomu, ambayo ndiyo cheti chenyewe, akaisoma, na alipofika pale moyo wake ukaanza kuona uwanja wa sherehe: mabalozi kwenye viti vya mbele, Mtukufu Mwanzilishi ameweka miguu juu ya jiwe, mtangazaji anafungua cheti na kukisoma kwa sauti. Alirudisha karatasi mezani taratibu. Alijaribu kusema kitu, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake kipaza sauti kilikuwa shingoni lakini hakuwa na hotuba.

Dereva wa lori alichomoza kichwa. "Mheshimiwa, tupakie?"

"Rudi," alisema Bwana Nsabi.

"Na mawe?"

"Mawe gani? Rudi, nimesema!"

Lori likageuka, tupu, likatimua vumbi. Na vumbi lilipotua, watu wakaona kilichokuwa kinakuja nyuma yake. Habari ilikuwa imetembea siku tatu kwa miguu kwamba Mwandulu kuna mwanamke aliyekubali kuwa na miaka elfu nne, na kwamba karani wa serikali anakuja na daftari lisilofutika. Wa kwanza alikuwa Bi Sayi.

"Na mimi nina elfu nne," alimwambia askari. Askari alitafuta kwenye kibao pa kusoma, asipate. Nyuma ya Bi Sayi alikuwepo mwingine, na nyuma yake mwingine, wanawake wa vituta vya mbali, wengine na fimbo, mmoja amebebwa kwenye baiskeli, na kila mmoja aliyeulizwa umri alijibu hivyo hivyo bila kucheka. Walijipanga wenyewe. Hakuna aliyewapanga.

Karani Gwasuma aliwatazama, akageuza ukurasa kuona kama daftari litatosha, akarudi kwenye fomu yake. "Bado nafasi moja, bibi. Jina la kifaa."

"Si kifaa," alisema Bi Nyamizi. "Anaitwa Kabula."

"Umri?" Karani alijirekebisha haraka. "Samahani. Nimeshaelekezwa, ni elfu..."

"Miaka mitatu na miezi minne. Meno yalikuwa yameota yote. Alikuwa anaweza kuchota maji kwa kikopo na kuniletea bila kumwaga."

Hayo ya maji hayakuwa na nafasi kwenye fomu. Karani aliyaandika pembeni, kwa herufi ndogo, akapiga mhuri juu yake. Bi Nyamizi alimwomba asome. Alisoma: Kabula, miaka mitatu na miezi minne, aliwekwa hapa na mama yake, kwa sababu ya njaa.

"Soma tena," alisema Bi Nyamizi.

Akasoma tena. Foleni ilikuwa imefika barabarani, na hakuna hata mmoja aliyemwambia afanye haraka.